Je, TV bapa zimeifikia TV ya chogo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwenye meza yangu ya ufundi kuna TV mbili zimekaa ubavu kwa ubavu: chogo ya inchi 21 na OLED ya inchi 55. Wateja wengi hudhani ile ya kwanza imesahaulika pale. Haijasahaulika. Ipo kwa sababu bado kuna jambo moja inalolifanya vizuri kuliko karibu TV zote mpya ninazoletewa, na kwa sababu maswali mengi kuhusu TV mpya hujibika haraka ukiziwasha zote mbili kwa pamoja. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi.

Kwani TV ya chogo ilikuwa na uzuri gani, hata tuseme TV mpya "ziifikie"?

Uzuri ulikuwa katika mambo matano. Weusi wake ulikuwa weusi kweli: usiku, taa zikizimwa, sehemu nyeusi ya picha ilizama gizani pamoja na ukuta. Kitu kinachokimbia kilibaki na kingo zake. Rangi hazikubadilika ukikaa pembeni. Hata watoto waliobanana sakafuni chini ya meza waliona picha ile ile anayoiona baba kwenye kochi. Picha haikuchelewa. Na picha dhaifu, ile ya antena iliyofungwa kwenye mti mrefu juu ya bati, ilipokelewa kwa upole.

Yote hayo yanatoka kwenye ufundi mmoja, ambao Mjerumani Karl Ferdinand Braun aliuonyesha mwaka 1897: chupa ya glasi iliyonyonywa hewa, na mwale wa elektroni unaorushwa kutoka shingoni hadi usoni. Kwenye TV ya rangi miale ni mitatu. Koili za waya zilizovishwa shingoni huipinda kushoto na kulia, juu na chini, na popote inapogonga, unga wa fosfa uliopakwa ndani ya kioo hung'aa kwa muda mfupi sana kisha hufifia. Chogo chenyewe kilikuwepo kwa sababu hiyo: miale inahitaji nafasi ya kujipinda kabla ya kuzifikia pembe za kioo. Ukiongeza kioo, unaongeza chogo na unene wa glasi. Mwaka 1989 Sony ilitoa moja ya inchi 43, na uzito wake ulikuwa karibu kilo 200. Zaidi ya hapo hakukuwa na njia.

Nakuomba ushike maneno mawili ya hapo juu: *hung'aa* na *hufifia*. Ndiyo kiini cha swali la mpira hapo chini.

Mbona basi TV bapa za kwanza zilikuwa na picha mbovu vile?

Kwa sababu kioo cha LCD hakina mwanga wake. Nyuma yake kuna taa, na kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, ni kidirisha chenye fuwele kimiminika kinachofunguka na kufunga ili kupitisha mwanga huo au kuuzuia.

Hili unaweza kulishuhudia mwenyewe. Ukipata TV ya LED iliyokufa taa za nyuma, ile ambayo sauti inatoka lakini kioo ni cheusi, zima taa za chumba, washa tochi ya simu na uisogeze karibu kabisa na kioo. Utaona picha imo humo. Mtangazaji anaongea, midomo inacheza, amekaa gizani akisubiri mtu wa kumulika. Mara ya kwanza nilipoonyeshwa hivyo na fundi aliyenifundisha kazi nilirudia zaidi ya mara kumi, na tangu siku hiyo sikuhitaji kufafanuliwa LCD ni nini.

Tatizo ni kwamba kidirisha hakifungi sawasawa. Kwenye kioo cha aina ya IPS, sehemu nyeupe kabisa ina mwanga mara 1,000 hivi ya ile nyeusi kabisa. Kwenye kioo cha VA ni mara 3,000 na zaidi. Namba hizo zinasikika kubwa, lakini ukikaa gizani utaona kuwa huo "weusi" ni kijivu kinachowaka. Fuwele nazo husogea polepole, kwa hiyo pikseli ilikuwa bado inabadilika wakati picha inayofuata imeshafika. Na taa za zamani, zile za vimirija vyembamba vya jamii ya tubulaiti, hazikutoa rangi nyekundu na kijani safi kama za fosfa nzuri.

Hata hivyo, mwishoni mwa 2007 LCD zilishaanza kuuzwa duniani zaidi ya chogo. Watu walipata kioo kikubwa, chepesi, kinachotundikika ukutani na kisichopepesa. Hiyo ilikuwa faida ya kweli. Ila waliacha picha nzuri nyuma bila kuambiwa, na miaka iliyofuata yote imekuwa ya kuirudisha kipande kwa kipande.

Na plazma je? Mzee wangu anayo na anasema haijapata mpinzani.

Mzee wako anajua anachokisema. Plazma ilizaliwa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka 1964, kwa mikono ya Donald Bitzer, Gene Slottow na Robert Willson. Kila nukta ni kijichumba chenye gesi za neoni na zenoni. Umeme ukipita gesi hutoa mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, nao huwasha fosfa. Ni fosfa ileile ya ukoo wa chogo, isipokuwa sasa imewashwa mahali ilipo, bila mwale wa kusafiri kutoka shingoni. Ndiyo maana plazma ilirithi karibu kila kitu: rangi ya pembeni, wepesi wa mwendo, na weusi.

Pioneer ilitoa mwaka 2007 plazma ilizoziita Kuro, neno la Kijapani lenye maana ya nyeusi, na kwa miaka mingi baadaye wapenzi wa picha walizitumia kama kipimo cha TV nyingine. Lakini plazma ilikuwa nzito, ilikula umeme, ilipata joto, na kwenye duka lililojaa taa ilionekana imefifia kando ya LCD. Mnunuzi huchagua akiwa dukani, halafu hutazama akiwa nyumbani usiku. Hapo ndipo plazma ilipopoteza. Pioneer ilitangaza kujiondoa 2009, Panasonic ikafunga uzalishaji mwishoni mwa 2013, na Samsung na LG zikafuata 2014.

Kuna nyingine ambayo wengi hawakuisikia. Canon na Toshiba walikuwa wakiunda kioo kilichoitwa SED: bapa, lakini kila pikseli ikiwa na kirushio chake kidogo cha elektroni nyuma yake, yaani mamilioni ya vichogo vidogo vilivyopangwa kama vigae. Waliionyesha kwenye maonyesho, ikasifiwa sana, ikakwama kwenye gharama na kesi ya hataza, na mwaka 2010 Canon ikaachana na mpango wa kuileta majumbani. Sijawahi kuiona kwa macho, na ni kioo ambacho ningetamani sana kukiona.

LED, QLED, Mini-LED, OLED: ipi ni ipi?

LED ni LCD ileile, taa za nyuma tu ndizo zimebadilishwa kuwa LED. QLED ni LCD ya LED iliyoongezewa karatasi ya nukta kwantumu, chembe ndogo mno zinazosafisha rangi. Ugunduzi wake uliwapa Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov Nobeli ya Kemia mwaka 2023. Mini-LED nayo ni LCD, ila taa zake ni ndogo na nyingi, na huwashwa na kuzimwa kwa makundi.

OLED ndiyo ya ukoo mwingine kabisa. Pikseli yenyewe inawaka, na ikitakiwa weusi inazimika. Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak waliandika kuhusu mfano wake mwaka 1987, Sony ikauza TV ya kwanza ya aina hiyo, ya inchi 11 tu, mwaka 2007, na LG ikaleta ya inchi 55 mwaka 2013.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ni QLED, karibu sawa na OLED", tofauti ya herufi ni moja lakini mashine ni mbili.

Kwenye weusi, zimeifikia?

OLED imeifikia na kuipita. Hapa lazima niseme ukweli hata kama naipenda chogo: weusi wake ulikuwa mzuri pale picha nzima ilipokuwa ya giza. Ukiweka mwezi mweupe katikati ya usiku, glasi ile nene ilitawanya mwanga ndani yake na giza la jirani likachafuka. Kwenye OLED mwezi unawaka na pikseli inayopakana nao imezimwa. Nimeziweka zote mbili na picha hiyohiyo na hakuna ubishi.

LCD za kawaida bado. Zile za bei ya chini, za inchi 32 na 43 ambazo ndizo nyingi majumbani kwetu, weusi wake ni uleule wa kijivu. Mini-LED zimesogea karibu sana, lakini fanya hesabu: kioo cha 4K kina pikseli 8,294,400. Ikiwa TV ina makundi 1,000 ya taa, kila kundi linahudumia pikseli zaidi ya 8,000. Kundi likiwashwa kwa ajili ya nyota moja, pikseli zote hizo zinapata mwanga usiowahusu, na ndiyo maana unaona utando hafifu kuzunguka maandishi meupe ya tafsiri kwenye sinema ya giza. Makundi yakiongezeka utando unapungua. Ukienda dukani, omba wakuwekee picha ya aina hiyo, maua na samaki wa rangi havitakuonyesha kitu.

Kwa nini mpira ukipigwa pasi ndefu bado unaota mkia, hata kwenye TV ya bei kubwa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ndiyo sababu ya ile chogo mezani.

Jaribu hivi. Weka taarifa ya habari na uangalie maandishi yanayopita chini ya kioo. Usitazame kioo chote. Chagua neno moja, lifuate kwa macho kutoka kulia hadi kushoto, na ujaribu kulisoma njiani. Kwenye chogo yangu herufi zinabaki na kingo zake mpaka zinapotoka kioo. Kwenye OLED, ambayo pikseli zake hubadilika kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde (elfu moja ya sekunde), herufi zilezile zinavaa ukungu pembeni. Kwenye LCD ya kawaida ukungu unakuwa mzito zaidi na unaacha kivuli.

Watu hudhani ni uzembe wa kioo. Kwenye LCD uzembe upo, lakini OLED haina uzembe huo na bado ukungu upo. Sababu iko kwenye jicho.

Kwenye chogo, kila nukta inawaka kama milisekunde moja kisha inafifia. Muda uliobaki kabla ya picha inayofuata ni giza. Hulioni giza hilo kwa sababu ubongo unaunganisha. Kwenye TV bapa picha haifi. Inasimama palepale kwa sehemu nzima ya 1/50 au 1/60 ya sekunde, halafu inaruka kwenda nafasi mpya. Jicho lako nalo halirukiruki, linateleza taratibu likiufuata mpira. Kwa hiyo kwa muda wote ambao picha imesimama, jicho linaendelea kusogea juu yake, na picha inapakwa kwenye jicho kama rangi mbichi iliyopitishiwa kidole.

Tuhesabu. Mpira ukivuka kioo chenye upana wa pikseli 1,920 kwa sekunde 2, unasafiri pikseli 960 kwa sekunde. Kwa picha 60 kwa sekunde, kila picha inasimama milisekunde 16.7, na ndani ya muda huo jicho limesogea pikseli 16. Huo ndio upana wa ukungu. Kwenye nukta inayowaka milisekunde moja, ukungu ni pikseli moja hivi. Kioo kikiwa cha 4K ukungu ni pikseli 32, maana yake zile pikseli ulizolipia zipo tu pale kitu kinapotulia. Mchezaji akianza kukimbia, zinapotea.

TV yangu imeandikwa hezi 120. Hiyo siyo dawa?

Hezi ni mara ngapi kioo kinabadilisha picha kwa sekunde. Ni nusu ya dawa, na inategemea. Kama chanzo kinatoa kweli picha 120 kwa sekunde, mfano mashine ya gemu, ukungu unapungua kwa nusu: pikseli 8 badala ya 16. Lakini mechi ya mpira inakuja na picha 50 au 60, na nyingi ya TV zilizoandikwa "120" kwenye boksi zina kioo cha hezi 60 na jina la matangazo.

TV inayopokea picha 50 na kutaka kuonyesha 100 hubuni fremu za katikati: inakisia mpira ungekuwa wapi. Kwenye menyu utaikuta kwa jina la TruMotion kwa LG, Motionflow kwa Sony, Picture Clarity kwa Samsung. Ikiwekwa kidogo husaidia kwenye mpira. Ikiwekwa hadi mwisho, nyavu za goli huyeyuka mpira unapopita na filamu zinaonekana kama mchezo wa jukwaani uliorekodiwa kwa kamera ya harusi. Kwenye filamu mimi naizima.

Dawa ya pili inaiga chogo kwa uaminifu zaidi: kuingiza giza kati ya picha na picha. Menyu za LG huiita OLED Motion, za Samsung LED Clear Motion, na kwa Sony ni Clearness. Maandishi yale ya habari yanasomeka mara moja. Bei yake ni mwanga, kwa sababu ukizima nusu ya muda umepoteza nusu ya mwanga, na wengine wanaona kupepesa.

Kuna jambo linaloniuma hapa. OLED za LG za 2020 na 2021 ziliweza kuingiza giza hilo kwa hezi 120, ambako kupepesa hakuonekani. Kwenye matoleo ya 2022 uwezo huo uliondolewa, ukabaki wa hezi 60 tu. Teknolojia ilikuwa imeikaribia chogo kwenye jambo lake la mwisho, ikarudi nyuma, na wanunuzi wengi hawakuuliza kwa sababu hakuna aliyewaonyesha.

Kwa nini chaneli za king'amuzi ni mbovu kwenye 4K ya inchi 55 kuliko zilivyokuwa kwenye chogo?

Matangazo ya analojia yalianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, Kenya ikamaliza yake 2015, na majumba mengi yakaunganisha king'amuzi kwenye chogo kwa waya wa njano, nyekundu na nyeupe. Picha ikawa safi, chenga zikaisha. Baadaye king'amuzi kilekile kikahamishiwa kwenye TV kubwa, na malalamiko yakaanza.

Picha ya kawaida ya king'amuzi ina pikseli 720 kwa 576, jumla 414,720. Kioo cha 4K kinazo mara 20 kamili ya hizo. Kwa kila pikseli moja iliyofika, TV inapaswa kutunga 19. Chogo haikuwa na kazi hiyo kwa sababu haikuwa na pikseli za idadi maalumu. Mwale ulichora mstari na fosfa ikalainisha. Tena picha hiyo hurushwa kwa nusunusu, mistari ya witiri kwanza kisha ya shufwa, kila nusu mara moja katika 1/50 ya sekunde. Chogo ilichora hivyohivyo kama ilivyoletewa. TV bapa lazima izishone nusu hizo kwanza, na ikishona vibaya unaona kingo za mchezaji zina meno kama ya kitana.

Juu ya hayo, inchi 55 inakuonyesha kila kosa ambalo inchi 21 ililificha.

Kinachosaidia, kwa mpangilio wa uzito: tumia waya wa HDMI, achana na ule wa rangi tatu, kwa sababu ule wa njano unachanganya mwanga na rangi kwenye uzi mmoja na TV haiwezi kuvitenganisha kikamilifu. Punguza Sharpness taratibu hadi ule mstari mweupe unaozunguka herufi upotee. Na tafadhali, chaneli au filamu ya zamani ya umbo la mraba usiitanue ijaze kioo. Ukiitoa kutoka 4:3 hadi 16:9 umempanua kila mtu kwa theluthi moja. Nimeingia nyumba ambazo watoto wamekua wakiwaona waigizaji wa zamani wakiwa wapana hivyo, na nilipowarudishia mistari myeusi pembeni walidhani nimeharibu TV. Ipe siku tatu, macho yatazoea.

Upande wa rangi, nani anaongoza?

TV mpya, kwa mbali. Viwango vya rangi vya HD vilipimwa kwa kufuata uwezo wa fosfa za chogo, na studio zilirekebisha picha kwa mwanga wa niti 100 hivi (niti ni kipimo cha mng'ao wa kioo). OLED na Mini-LED nzuri zinazidi niti 1,000 kwenye sehemu zing'aazo na zina kijani na nyekundu ambazo fosfa za chogo za kawaida hazikuzitoa. Hata studio zenyewe, zilizong'ang'ania chogo za kitaalamu kwa miaka mingi, zilihamia OLED. Kwenye pembe za kukaa, OLED iko sawa na chogo. VA bado hupauka ukikaa kando.

Ile bunduki ya kupigia bata kwenye gemu za katriji, mbona haifanyi kazi kwenye TV mpya?

Bunduki hairushi kitu. Inatazama. Ukivuta kifyatulio, gemu inafanya kioo kuwa cheusi kwa fremu moja, kisha inachora mraba mweupe mahali bata alipo; jicho la ndani ya bunduki likiona mwanga kwa wakati ule hasa, umempata. Kwenye chogo mwanga unatoka papo hapo. TV bapa huipokea picha, huihifadhi, huipanua, huisafisha, ndipo huionyesha, na wakati huo gemu imeshaamua kuwa umekosa.

Ucheleweshaji huohuo ndio unaomchosha kijana wako kwenye mpira wa kompyuta. Washa Game Mode: TV nzuri za leo hushuka hadi milisekunde 10 hivi kwa hezi 60, na pungufu ya hapo kwa hezi 120. Kwa gemu za leo hilo linatosha kabisa. Kwa ile bunduki, tunza chogo.

OLED itaungua nikiweka chaneli moja muda mrefu?

Inaweza. Nembo ya chaneli na ukanda wa habari vikikaa palepale masaa mengi kila siku, pikseli hizo huchoka kabla ya wenzake na alama hubaki. Chogo na plazma zilikuwa na ugonjwa huo pia. Kwa saluni, kinyozi, baa au mapokezi ya hoteli nunua LCD, wala usifikirie mara mbili. Kwa sebule inayobadilisha vipindi, OLED inafaa.

Ila kuna tabia yetu moja inayoidhuru bila watu kujua: kuzima TV kwenye soketi ya ukutani kila usiku. OLED hujirekebisha pikseli zake ikiwa imezimwa kwa rimoti, baada ya kutumika masaa kadhaa, na kazi hiyo inahitaji umeme. Zima kwa rimoti, iache kwenye soketi, na uweke kifaa cha kulinda umeme kwa ajili ya kupanda na kushuka. Nimepokea OLED ya mteja ikiwa na mistari iliyofifia, akiwa tayari kuiuza kama mbovu. Ilichohitaji ni kulala kwenye umeme usiku mmoja.

Umeme?

Chogo ya inchi 21 hula kati ya wati 60 na 100. LED ya inchi 32 hula kati ya 30 na 50. Kwa masaa sita kwa siku, wati 80 ni uniti 0.48 na wati 40 ni uniti 0.24.

Nibadilishe nini leo usiku bila kutumia hela?

Toa TV kwenye mpangilio wa dukani, ule wa Vivid au Dynamic, na uiweke kwenye Movie, Cinema au Filmmaker. Mwanzoni utaiona ya njano. Ni weupe ule wa bluu uliouzoea ndio uliokuwa na kosa. Kisha, kwa LCD, shusha Backlight hadi mahali panapokutosha usiku. Taa za nyuma zimeungwa mfululizo, mara nyingi ikifa moja msururu mzima unazimika, na kinachoziua mapema zaidi ni joto la kuwekwa 100 kila siku. TV nyingi ninazozifungua kwa tatizo hilo nazikuta zimewekwa hivyo tangu zilipotoka kwenye boksi.

Nini kinakuja ambacho kinaweza kumaliza kazi?

Kwenye LCD, taa za nyuma zenye rangi tatu badala ya nyeupe zilianza kufika sokoni 2025 kwenye TV kubwa za Hisense na Samsung, na zitaongeza rangi. Kwa mwendo, natazama zaidi upande wa kompyuta. Vioo vya OLED vya hezi 480 vilianza kuuzwa 2024, na Desemba mwaka huohuo Mark Rejhon wa tovuti ya Blur Busters pamoja na Timothy Lottes walitoa programu inayotumia kasi hiyo kuiga mwale wa chogo: badala ya kuonyesha picha nzima mara moja, kioo kinachora ukanda wa juu, unafifia, unafuata wa chini yake, mpaka mwisho. Kwa picha 60 kwenye kioo cha hezi 480, kila sehemu inawaka takriban milisekunde 2 tu. Ukifika hezi 1,000 umeifikia milisekunde moja hata bila kuzima chochote, ilimradi chanzo nacho kitoe picha 1,000. Ufundi huo ukiingia kwenye TV ya sebuleni, chogo yangu itaondoka mezani.

Nina chogo stoo. Niitupe?

Ikiwa inawaka, muulize kwanza kijana yeyote anayependa gemu za zamani. Ikiwa imekufa, usiifungue kutafuta shaba: bomba lake linaweza kubaki na maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa, na glasi yake ikivunjika inaweza kupasuka kwa nguvu. Glasi hiyo ina risasi nyingi, kwa hiyo isivunjwe kwenye jalala ambako watoto na kuku wanapita. Ipeleke nzima kwa wanaokusanya vifaa vya umeme chakavu, na ukiibeba, elekeza kioo kifuani kwako, kwa sababu uzito wote uko mbele.